LaVonne na Ile ya Supu

Ukiuliza habari za LaVonne Skarphol hapa Halvig, mji wetu mdogo, utaambiwa alikuwa mpishi mkuu wa chuo kwa miaka ishirini na sita, kwamba kanisani anakaa safu ya tatu kushoto, na kwamba hajawahi kumsema mtu vibaya hadharani. Yote ni kweli. Lakini wanaosema hivyo walikuwa upande wa pili wa kaunta, wameshika trei. Mimi nilikuwa upande wake, kwenye sinki la masufuria, kwa miaka kumi na tisa. Naitwa Orville Bakke, ila jikoni niliitwa Orv.

Chuo chetu ni cha miaka miwili. Kina majengo manne na maegesho ya magari yanayoyazidi majengo yote manne kwa ukubwa, na kuanzia Novemba hadi Aprili kazi kubwa ya maegesho ni kupokea theluji. Saa tisa alasiri, wanafunzi wakishakula na masufuria yakishakauka, LaVonne aliwasha televisheni ndogo iliyokaa juu ya rafu ya unga. Saa tisa kamili walirudia tamthilia ya vichekesho iitwayo Hargrove, inayohusu vijana sita wa chuo kikuu ambao kwa miaka saba hawakuonekana hata mara moja wakisoma. LaVonne aliitazama akiwa amesimama, mikono ndani ya aproni. Sikuwahi kumwona akiketi mbele yake.

Ndani ya tamthilia hiyo kulikuwa na mpishi, Bi Pell. Katika kila sehemu alionekana sekunde chache tu, akimimina supu kwa upawa, na hakusema neno. Ila katika sehemu moja alisema, na hiyo ndiyo LaVonne aliyoipenda kuliko zote. Sisi tuliiita ile ya supu.

Ilikuwa hivi. Dari ya ukumbi wa mitihani imevuja, kwa hiyo mtihani wa falsafa unafanyiwa kwenye chumba cha kulia. Mwanafunzi mmoja anatorokea dirishani na kuacha karatasi tupu. Bi Pell, anayepangusa meza, anasoma swali, anatazama huku na huku, anaketi, anaandika. Karatasi ile inapata alama za juu kuliko zote, na vijana sita wanagombana nani aliiandika, kila mmoja akiapa ni yeye, pamoja na yule aliyetoka dirishani. Mwisho ukweli unajulikana. Profesa mwenye ndevu anakwenda kaunta, anainama kidogo, anasema, “Bibi, njoo darasani kwangu.” Naye Bi Pell, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika miaka saba, anafungua kinywa na kusema, “Supu inaungua.” Anaingia jikoni. Watazamaji wanasikika wakicheka kwa sekunde kumi na moja. LaVonne alizihesabu kwa saa ya ukutani.

Yeye hakucheka. Mimi nilicheka kila mara, na hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

“Unacheka nini?” aliniuliza.

“Kachekesha. Profesa mzima anambembeleza, yeye anawaza supu.”

“Nani kambembeleza? Kamwuliza mara moja.”

“Sasa ulitaka apige magoti?”

“Orv, tazama mkono wake. Akifika mlangoni anaweka mkono kwenye mlango, hausukumi. Anangoja. Sekunde moja na nusu anangoja, na lile lidevu limesimama tu pale kama kabati.”

“Yule ni mwigizaji, mama. Anangoja watu wamalize kucheka.”

“Wewe osha masufuria yako.”

Niliyaosha. Tulibishana hivyo labda mara arobaini, maana waliirudia kila baada ya miezi michache, na sikumbuki yeyote kati yetu aliyebadilisha hata neno.

Lazima niseme jambo moja juu yetu, ingawa kwetu halisemwi. Mtu akikukaribisha kahawa, unakataa. Akirudia, unakataa tena, kwa sauti ndogo zaidi. Akirudia mara ya tatu unasema haya, nusu kikombe, kama ipo, na anakujazia hadi juu. Anayekubali mara ya kwanza tunamwona mlafi. Anayekaribisha mara moja tu tunajua hakutaka kukupa. Hakuna aliyetufundisha haya, na nimeona wageni wakikaa Halvig miaka miwili wakidhani hatunywi kahawa.

Kwa nini LaVonne aliishika sana ile sekunde moja na nusu nilikuja kujua siku tunamenya viazi, mwaka wangu wa kumi na mbili pale. Alisema bila kuinua macho, kwa sauti ile ile ya kuagizia maziwa. Mwaka 1957 alikuwa na miaka kumi na minane, wa kwanza katika darasa lake. Mwalimu wake alikwenda hadi shambani kwao, akavua kofia, akamwambia baba yake kwamba msichana huyu anafaa kwenda chuo kikuu na kwamba yeye mwenyewe angeandika barua. Baba akamgeukia LaVonne. Mwalimu naye akamgeukia, akauliza, “Ungependa?”

“Ukasemaje?” nikauliza.

“Nikasema hapana, asante, kuna kazi nyingi hapa.”

“Akasemaje?”

“Akavaa kofia.”

Alitupa kiazi kwenye ndoo, akachukua kingine. “Alikuwa mtu wa Chicago,” akasema.

Sikumwambia pole. Nilitamani, lakini kwetu pole ingemfanya atoke jikoni. Nilijisogezea viazi vidogo vidogo, vile vinavyomenyeka kwa taabu, nikavimenya mimi.

Basi ilikuwa Januari ya 1998 alipokuja Profesa Renata Capozzi kufundisha fasihi. Alitoka Newark, New Jersey, ambako mtu akitaka siagi anasema lete siagi. Alivaa koti jembamba, na kwa wiki nzima watu wa Halvig walilitazama lile koti wakisema, “Hilo ni koti la namna yake,” maana yake atakufa kwa baridi. Ofisi yake ilikuwa na kipasha joto chenye kelele, kwa hiyo alasiri alikuja kusahihishia kazi kwenye meza iliyo karibu na kaunta. Na siku moja aliyokuwa pale, wakarudia ile ya supu.

Tulibishana kama kawaida. Nilipofika pale pa kusema yule ni mwigizaji, mama, nikasikia kiti kinaburutwa.

“Samahani,” profesa akasema. “Huo mkono mlangoni, mnasema nini?”

“Hakuna kitu,” LaVonne akasema. “Upuuzi wa televisheni tu.”

“Mimi napenda upuuzi. Nieleze.”

Akamweleza. Ilichukua dakika arobaini, na nilishangaa, kwa sababu nilidhani mimi ndiye niliyesikia yote. Alisema ule mtihani wa falsafa uliuliza mtu huru ni nani, na kwamba waandishi wa tamthilia hawakutuonyesha jibu la Bi Pell kwa sababu wangelionyesha hakuna ambaye angecheka mwishoni. Alisema supu haikuwa ikiungua. “Jiko limezimwa,” alisema. “Linaonekana nyuma yake. Nimepika zaidi ya miaka ishirini, najua jiko lililozimwa.” Profesa alikusanya kazi zake. Aliondoka, ila aliacha kaunta kalamu yake na karatasi chache, bila kueleza, na kwa kuwa hakuuliza chochote LaVonne hakuwa na cha kukataa. Jumatatu LaVonne alikuja na kurasa nne. Karatasi za profesa aliziona nzuri mno, kwa hiyo aliandika nyuma ya fomu za kuagizia maziwa.

Jumatano, katikati ya chakula cha mchana, Profesa Capozzi akaja kwenye foleni na zile fomu za maziwa chini ya trei. Siku hiyo palikuwa na nyama ya kusaga ya oveni iliyofunikwa viazi vya kukaanga, kwa hiyo foleni ilifika mlangoni.

“LaVonne,” akasema, “nimesoma mara mbili. Darasa langu lina nafasi moja. Jumanne na Alhamisi, saa saba mchana. Nimeuliza, wafanyakazi wa chuo wanaruhusiwa. Uandikishaji unafungwa Ijumaa saa kumi. Njoo. Utakuja?”

Nilifunga bomba. LaVonne alikuwa ameshika mwiko juu ya viazi. Shingo ilimpanda wekundu hadi masikioni.

“Aa, hapana,” akasema. “Asante. Mpe mtu anayeihitaji.”

“Sawa,” profesa akasema, kwa upole kabisa. “Nimekuelewa. Asante kwa kunipa kurasa zako nizisome.” Akachukua trei, akaenda kuketi.

Mwanafunzi aliyefuata akasema anaomba viazi. LaVonne hakumsikia. Alikuwa na hapana ya pili tayari, na ya tatu isiyo hapana, naziona hadi leo zilivyomkalia mdomoni, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Kijana akasema tena viazi, akapewa vya watu watatu.

Sasa nitasema jambo baya, maana sipendi nionekane mwema kuliko nilivyo. Nilifurahi. Saa saba mchana ndiyo saa masufuria yanapojaa, na ndiyo saa tulipokuwa tukipiga soga, yeye akifuta majiko na mimi nikisugua. Nina nyumba yenye vyumba vitatu na hakuna anayenisemesha ndani yake tangu dada yangu ahamie mji wa Duluth. Nilifurahi Jumatano yote na sehemu ya Alhamisi.

Alhamisi LaVonne alimngoja. Alihakikisha yeye mwenyewe ndiye anayempakulia profesa. Alimpa kipande cha pembeni cha chakula cha oveni, chenye ukoko, ambacho hata mkuu wa chuo hakuwahi kukipata bila kukiombea. Alibakiza mikono kwenye sahani yake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

“Profesa, darasa linaendeleaje?” akauliza.

“Vizuri sana. Asante.”

“Limejaa?”

“Karibu.”

Na huyo akaenda. Nilijua baadaye kwamba profesa alikuwa anamheshimu. Kwao, ukimng'ang'aniza mtu aliyekwisha kukataa, umemfanya mtoto. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa akimtendea mwenzake wema, na wema ule ulikuwa ukila siku.

Kulikuwa na keki ya limau. Kwetu kipande cha mwisho hakichukuliwi. Kinakatwa nusu, na anayekuja nyuma anakata nusu ya nusu, na jioni unaokota kitu cha ukubwa wa ukucha. Profesa alirudi kaunta, akaona kimebaki kipande kimoja kizima, akakichukua chote. Hakukata. LaVonne aliitazama sinia tupu.

“Wale,” aliniambia pole pole, “wanachukua tu.”

“Mama, labda ungemwambia.”

“Nimwambie nini?”

“Kwamba unataka.”

Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo barabarani. “Alishauliza, nikajibu,” akasema. “Yamekwisha.” Akaanza kusugua oveni ambayo alikuwa ameshaisugua asubuhi, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo. Mabega yalikuwa yakitikisika. Miaka yote ile sikuwahi kuyaona yakifanya hivyo, na furaha yangu ikaishia hapo.

Ijumaa saa tisa hakuwasha televisheni. Nikachukua trei, nikasema nakwenda kukusanya vikombe maofisini. Hatukuwa na desturi ya kukusanya vikombe maofisini.

“Karibu, Bwana Bakke,” profesa akasema. “Kahawa?”

“Hapana, asante.”

Akajimiminia yeye, akanywa. Niliitazama.

“Baridi leo,” nikasema.

“Kali.”

“Ila jana ilizidi.”

“Nadhani.”

“Kesho wanasema itapungua. Si sana.”

Akaweka kikombe chini. “Bwana Bakke, una shida yoyote?”

“Hapana, hapana. Vikombe tu.” Nikachukua kimoja. “LaVonne naye yuko sawa,” nikasema.

“Oh, nimefurahi kusikia.”

“Sawa sawa tu.”

Kwa mtu wa Halvig, hapo ni kama nimepiga yowe na kuvunja dirisha. Profesa alitabasamu, akasema nimsalimie. Nikatoka na vikombe viwili, kimoja kikiwa na kalamu zake ndani. Nilisimama kwenye korido nikijiona mjinga. Mtu mmoja duniani alihitaji nimsemee sentensi moja, nami nilikuwa nimezungumza hali ya hewa.

Ndipo nikaona LaVonne anakuja kutoka mwisho wa korido. Amevaa aproni, unga umemjaa viwikoni, anatembea katikati ya njia, yeye ambaye siku zote hupita kando ya ukuta ili asimzuie mtu. Alinipita kama sikuwepo. Akasimama kwenye mlango wa profesa, uliokuwa wazi, akaugonga.

“Samahani, nakusumbua.”

“Hata kidogo. Ingia.”

“Una kazi.”

“Sina. Ingia, LaVonne.”

“Naweza kurudi.”

“LaVonne, ingia ndani.”

Akaingia. Mimi sikuondoka, na sina la kujitetea.

“Juzi uliniuliza kitu,” LaVonne akasema.

“Niliuliza. Na ukakataa, na ni sawa kabisa. Sikuudhika, usije ukadhani.”

“Uliuliza mara moja.”

“Ndiyo?”

“Niulize tena.”

Nikasikia kipasha joto kinavyonguruma. Kisha profesa, kwa uangalifu, akasema, “Ungependa kujiunga na darasa langu?”

“Hapana, asante,” LaVonne akasema. “Wapo wanaolihitaji zaidi.”

Nilichungulia. Profesa alikuwa amefungua mdomo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyoijua.

“Sikuelewi,” akasema.

“Bado hujafika. Niulize tena.”

“Ungependa kujiunga na darasa langu?”

“Nisingependa kuwa mzigo.” Hii aliisema kwa sauti ndogo zaidi, kama inavyopasa.

Hakusema niulize tena. Alibaki amesimama, mkono kwenye ukingo wa meza, anatazama sakafu. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na moja. Nilitaka kuingia mle na vikombe vyangu nipige kelele. Nilifumba macho.

Sijui Newark wanafundishwa nini, lakini yule mwanamke alisimama, akazunguka meza, akaja mbele yake. “LaVonne Skarphol,” akasema, “ungependa kujiunga na darasa langu?”

“Haya,” LaVonne akasema. “Kama nafasi ipo.”

“Ipo.”

“Basi ndiyo. Nataka.” Sauti ikamkatika, akaivuta tena. “Nimetaka tangu nina miaka kumi na minane.”

Profesa akachukua fomu. Mikono ya LaVonne ilikuwa na unga, kwa hiyo jina lake la kwanza lilifutika kidogo, na karani alipoipokea fomu saa kumi kasoro dakika tatu alisema hiyo ni ya namna yake. Aliipokea lakini.

Jumanne masufuria yalijaa kama kawaida. Saa saba kasoro dakika tano LaVonne alivua aproni, akaitundika, akachukua daftari jipya lililokuwa kwenye rafu ya unga tangu asubuhi. Alifika mlangoni, akageuka, akarudi hadi kwenye sinki.

“Orv. Utaweza peke yako?”

“Naweza, mama. Masufuria tu haya.”

“Una uhakika?”

“Nenda bwana, utachelewa.”

Hakwenda. Nilisugua sufuria ambalo lilikuwa safi. Nilijua anachofanya, na alijua ninajua.

“Orv,” akasema, “utaweza?”

Nikafunga bomba. “Hapana,” nikasema. “Nitaumia, LaVonne. Kila Jumanne na kila Alhamisi.”

Aliweka daftari chini. Akachukua kitambaa, akanikausha mikono, wa kulia kisha wa kushoto, kila kidole, kama vile ni kazi ya kawaida ya jikoni. Hakuna mtu aliyekuwa amenishika mikono kwa muda mrefu sana. Kisha akachukua daftari lake akaenda, na profesa aliniambia baadaye kwamba alichelewa dakika sita.